Ukuta wa Nungunungu

Asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya timu ya Nungunungu kushinda mabao mawili kwa bila ugenini, fundi wa mabango alifungua karakana yake saa moja kamili kama siku zote. Akakoroga rangi ya buluu kwa ajili ya kibao cha duka la dawa, akalaza ubao juu ya meza, akaanza kupiga mistari ya penseli. Mara mbili alijikuta akipiga mluzi wimbo wa timu. Mara zote mbili alijikatiza katikati, akatupa jicho mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

Alikuwepo aliyesikia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, shabiki wa kutupwa wa ile timu iliyofungwa jana, mabingwa wa msimu uliopita, na inapohusu mpira kinyozi yule alikuwa na masikio ya popo.

"Bwana Subira," aliita, kwa kuwa hilo ndilo jina alilompa, "leo ndege wako ameamka mapema."

Fundi alimjibu kwamba ni harufu ya tapentaini inayomlegeza mdomo, akaurudia ubao wake. Kinyozi akacheka, akamgeuza mteja wake kichwa, akaendelea na kazi. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye furaha, lakini alijua kwamba kumtania fundi ni nusu ya dawa ya kipigo cha jana.

Mwingine angetoka nje na kumrudishia maneno kwa kapu. Fundi alifunga mdomo kwa sababu aliwahi kuufungua, tena si mdomo tu bali na kopo la rangi nyekundu.

Miaka tisa nyuma Nungunungu walianza ligi kwa kushinda mechi nne mfululizo, na mtaa mzima ukapandwa na wazimu. Watu wazima wenye wajukuu walikumbatiana barabarani. Wanachama wa tawi walikutana katika chumba chao kinachopakana na mashine ya kusaga, nyumba chache kutoka karakanani, wakaamua kwamba ukuta unaotazama barabara uandikwe. Fundi hakuombwa mara mbili. Alipanda ngazi, akaandika kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono: MABINGWA WAPYA. Chini yake akaandika jina lake la kazi na namba ya simu.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Nungunungu hawakushinda tena mpaka mzunguko wa pili, na siku ya mwisho ya ligi walishuka daraja wakiwa wamefungwa nyumbani. Simu ya fundi iliita wiki nzima. Waliopiga hawakutaka vibao. Walitaka kumwuliza mabingwa wanapatikana wapi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku mbili hafanyi. Kila fundi wa rangi anajua kwamba nyekundu ya mafuta haifunikwi hivi hivi. Unaikwangua, unaipaka vanishi ya kuiziba, unaiacha ikauke siku nzima, ndipo unakuja na nyeupe. Yeye aliyajua hayo kuliko wote. Lakini aibu ilimkimbiza, akapaka chokaa juu juu mchana wa jua kali huku watu wakimtazama, akashuka na kuondoka. Mvua ya kwanza iliponyesha, maandishi yakachungulia tena, safari hii yakiwa ya waridi. Na kila masika yaliporudi, nayo yalirudi. Mgeni akiuliza njia aliambiwa: nenda mpaka ukutani kwa mabingwa, halafu kata kushoto. Fundi mwenyewe akawa anapita njia ya nyuma, kwenye matope, ili asiuone.

Watu wengi hudhani kujisifu ni kosa dogo kwa kuwa hakumwibii mtu kitu. Kunaiba. Kunachukua furaha ambayo bado haijawa yako na kuitumia yote, kisha siku ya haki ikifika mfuko ni mtupu. Fundi alilielewa hilo, na alipolielewa alijiwekea sharti: hataandika tena ukutani jambo ambalo halijatokea.

Sharti hilo alilishika kwa ukali uliowachekesha wengine na kuwaudhi wengine. Mwenye hoteli alimwomba aandike "Tunafungua karibuni". Akamwambia afungue kwanza. Mwuza nyama alitaka "Nyama safi kila siku". Fundi alipita buchani asubuhi tatu mfululizo, akainusa nyama, ndipo akakubali kushika brashi. Wateja kadhaa alipoteza. Lakini miaka ilivyopita mtaa ukazua neno jipya: kama ameandika yeye, ni kweli. Watu walisimama mbele ya kibao, wakatazama mkia wa herufi fulani aliouvuta kwa namna yake, wakaingia dukani bila kuuliza zaidi. Jina hilo alilichuma kwa jasho, na alilitunza kama mboni ya jicho.

Sasa Nungunungu walikuwa wamerudi ligi kuu baada ya miaka yote ile, na mechi ya kwanza kabisa wamewafunga mabingwa kwao. Basi Jumanne mchana mwenyekiti wa tawi, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, aliingia karakanani akifuatwa na watu watatu wa kamati. Hawakuketi. Walitaka ukuta uandikwe kabla ya Jumamosi, siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, na maneno walikuja nayo yamekunjwa kwenye karatasi: MWAKA HUU NI WETU.

Fundi aliisoma karatasi, akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha.

Mwenyekiti alisema dalili ya mvua ni mawingu. Fundi alikubali, ila akamkumbusha kwamba mwaka ule mawingu yalikuwa manne na mwenyekiti alikuwa yeye huyu huyu. Wale watatu wakatazama sakafu. Mmoja akasema kwa unyonge kwamba safari hii beki ni nzuri. Fundi akasema beki ni nzuri kweli, tena yule namba nne ni ukuta, na hapohapo akanyamaza kwa kuogopa jinsi sauti yake ilivyochangamka.

Wangeweza kwenda kuchapisha bango la plastiki kwa siku moja, na fundi mwenyewe aliwashauri hivyo. Lakini mwenyekiti alitikisa kichwa. Bango la plastiki linasema lolote, alisema. Wao walitaka mkono unaoaminika. Fundi alijibu kwamba mkono huo unaaminika kwa sababu hauandiki mambo kama hayo, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwenyekiti alipofika mlangoni aligeuka.

"Haya, sisi umetukatalia. Lakini mzee wako wa nyumbani ndiye aliyetutuma. Yeye utamjibu mwenyewe."

Mzee wa nyumbani alikuwa baba mkwe, na fundi alishinda mchana akipanga jinsi ya kumjibu.

Baba mkwe alikuwa na miaka sabini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aligawa barua kwa baiskeli, na shabiki wa Nungunungu alikuwa tangu ana umri wa miaka kumi na miwili. Alihamia kwa binti yake mwaka uliopita, macho yalipoanza kumwacha. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza bila kuficha kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone inachelewesha tu kinachobaki. Mzee aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Gazeti lilikuwa limemshinda. Vibao vikubwa vya barabarani bado aliviona, akivitafuta neno moja moja kwa kugeuza shingo, na hilo alilitania mwenyewe, akisema waamuzi wengi wa mpira wanaona chini ya hapo na bado wanapewa filimbi.

Kurasa za michezo alisomewa na binti yake, mke wa fundi. Ila binti huyo alimpenda baba yake mno, na akawa na tabia ya kuruka mistari inayoisema timu vibaya. Mechi waliyozidiwa kila kitu aliisoma kama mechi waliyocheza kwa moyo.

Jioni ile walipomaliza kula, fundi alinawa mikono polepole kuliko kawaida, kisha akaanza. Alimwomba baba yake mkwe msamaha. Alisema yeye ni mtu wa neno moja, na kumwandikia ukutani kwamba mwaka huu ni wetu, ilhali zimebaki mechi ishirini na tisa, ni kumdanganya kwa herufi kubwa. Na yeye hawezi kumdanganya mzazi, hata kwa kumfurahisha. Alikuwa ameipanga hotuba hiyo tangu mchana, na ilikuwa nzuri.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Mwanangu, nani amekuomba uongo? Nimegawa barua miaka thelathini na mmoja. Za harusi nimepeleka, za msiba nimepeleka, sikuwahi kuifungua hata moja nikaifanya nzuri zaidi. Hawa wa kamati niliwaambia andikeni. Cha kuandika wamekitia wao."

"Sasa baba, unataka kiandikwe nini?"

"Kilichotokea. Humu ndani nasomewa gazeti lililochujwa kama chai." Binti yake akainama kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka. "Nataka nisome mwenyewe, kwa macho yangu, muda bado upo. Mimi siombi uongo. Naomba herufi kubwa."

Mke wa fundi, ambaye sasa alikuwa na aibu ya kulipizia, ndiye aliyejibu.

"Wewe pia usijifanye malaika, mume wangu. Mimi naruka mistari mibaya, wewe unaruka mizuri. Tangu Jumapili unapiga mluzi chooni ili watu wasikusikie. Tumeshinda au hatukushinda?"

"Tumeshinda."

"Basi mbona hilo nalo hulisemi? Unaogopa kuchekwa, halafu unaita uaminifu."

Maneno hayo yalimwingia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini hakuwahi kujiona yeye ndiye anayeukimbia ung'ongo, utepe wa ukuti tu. Kwa miaka tisa aliamini ameacha njia ya kujisifu akashika njia ya kweli, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu anayeficha habari njema iliyotokea, kwa hofu ya mbaya ambayo bado haijatokea, naye anapunja kipimo. Mwenye duka anayepunja sukari na anayeizidisha wote wana mizani mbovu.

Jumatano asubuhi alichukua ngazi, akapita njia ya mbele.

Ukuta ulikuwa kama alivyouacha, chokaa imebanduka, waridi inachungulia. Safari hii hakukimbizana na mtu. Aliikwangua nyekundu ya zamani mpaka mkono ukafa ganzi. Akausugua ukuta kwa maji na sabuni, akauacha ukauke, akapaka vanishi, akaenda zake. Waliopita walimwuliza anaandika nini. Akawaambia leo haandiki, leo anazika. Alhamisi alipaka nyeupe, tabaka mbili. Ijumaa alivuta uzi wenye chaki, akaupiga ukutani ukaacha mstari, akachora herufi kwa penseli, kila moja ikiwa na urefu wa mkono mzima, akashika brashi. Kufikia saa nane mchana ukuta ulisomeka hivi:

MECHI YA KWANZA. NUNGUNUNGU 2, WENYEJI 0. POINTI 3. ZIMEBAKI MECHI 29.

Mwenyekiti alikuja na miwani yake ya kuchomelea ikiwa bado imepandishwa kwenye paji la uso. Alisoma, akarudi nyuma hatua tatu, akasoma tena, akauliza kama hili ni bango la mashabiki au ni taarifa ya hali ya hewa. Hiyo ishirini na tisa ilimkera kuliko yote. Alisema inawatisha watu. Fundi alimwambia kama inawatisha, basi hawakuwa na habari kwamba ligi ni ndefu, na sasa wanayo.

Wakati wanabishana kinyozi alivuka barabara. Alikuwa ameshika mkasi, na usoni ilionekana wazi kwamba amekuja na kejeli iliyokwisha kupikwa. Alisimama mbele ya ukuta akiutafuta uongo, akaanzia juu mpaka chini, akaanza upya. Timu yake ilikuwa imefungwa mbili bila. Pointi zilikuwa tatu. Alijaribu hata kutoa moja kwenye mechi thelathini za ligi kwa vidole.

"Sasa hapa mtu atacheka nini," alisema mwishowe, kwa masikitiko ya kweli.

Mwenyekiti alipoona hivyo alianza kuutazama ukuta kwa jicho jingine. Baada ya muda alikuwa anawaeleza wapita njia kwamba wazo lilikuwa la kamati.

Jioni, kabla jua halijazama, mke wa fundi alimleta baba yake wakiwa wameshikana mikono. Walimsimamisha ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la kinyozi, mahali ambapo ukuta ulimkaa sawa kwenye lile bomba lake. Hakuna aliyemsaidia, alikwisha kuwakataza. Aligeuza shingo taratibu. Alisoma "mechi", akapumzika, akasoma "ya kwanza". Alipofika kwenye mbili midomo yake ilitabasamu kabla ya sauti kutoka. Sifuri aliirudia mara mbili, kama mtu anayelamba asali kidoleni. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, na mashine ya kusaga nayo kwa bahati ilikuwa imezimwa. Alipomaliza ishirini na tisa alisema imekaa vizuri, ila wangeongeza kwamba bao la pili lilikuwa la kichwa.

Jumamosi mzee alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu redio iingie nyumbani kwao. Alikataa kusikiliza. Akaagiza kwamba mtu yeyote asimwambie matokeo, binti yake hasa, atayasoma Jumatatu. Kelele za uwanjani alizisikia kwa mbali, akajifunika masikio kwa mto. Fundi alirudi kutoka uwanjani ameng'ata midomo. Jumapili nzima watu wa nyumba ile walitembea kama wamebeba mayai, na majirani waliokuja kusalimia walionywa mlangoni. Mzee alijaribu kunusa habari katika sauti za watu, akasema mnaniamkia kwa upole mno, basi tumefungwa. Baadaye akasema hapana, tungekuwa tumefungwa wewe mwanangu usingekula sahani ya pili.

Jumatatu mwenyekiti alimwahi fundi ukutani. Aliomba, safari hii kwa heshima, ile mbili kwa bila ibaki kidogo. Jumamosi Nungunungu walitangulia kwa bao safi la kipindi cha kwanza, wakalinda mpaka dakika za nyongeza, halafu yule namba nne aliyesemwa ni ukuta akaushika mpira ndani ya eneo lake. Penalti. Ikaingia, matokeo yakawa moja kwa moja. Mwenyekiti aliona si habari ya kupakwa rangi. Fundi alikuwa amekwisha kupanda ngazi.

"Mwenye barua yake anakuja," alisema. "Mimi nimfungulie nimpunguzie?"

Mwenyekiti akaishika ngazi isiteleze.

Mzee alifika saa tatu, akasimamishwa palepale. Mara hii watu walikuwa wengi zaidi, maana mtaa mzima ulijua kwamba kuna mtu mmoja tu ambaye bado hajui, na kila mmoja alitaka kumwona akijua. Alisoma "mechi ya pili". Alisoma "Nungunungu moja", akavuta pumzi, akaisogeza shingo. Akaikuta moja ya pili. Binti yake alimbana mkono.

"Sare," alisema mzee. "Nyumbani. Hawa watoto wataniua kabla macho hayajaniacha." Kisha akacheka, mabega yakitikisika, na kicheko chake kikawafungulia wengine. Aliendelea kusoma mpaka mwisho: pointi nne, zimebaki mechi ishirini na nane. Akahesabu kwamba pointi nne kwa mechi mbili, kwa timu iliyotoka kupanda daraja, si haba. Hakusema zaidi ya hapo, na fundi aliyekuwa akishuka ngazi aliona kwamba hapo ndipo penyewe hasa, wala hapakuhitaji kuongezwa kitu.

Halafu mzee akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa, itakuwaje ikiwa macho yatafunga hesabu kabla ya hizo ishirini na nane.

Kinyozi, aliyekuwa mlangoni kwake, alishusha mkasi. Mke wa fundi alitazama pembeni. Fundi alivuka barabara na brashi mkononi, akasimama kando ya baba yake mkwe, akaugeukia ukuta na kuukadiria jinsi fundi anavyokadiria kazi. Angeweza kusema hayatafunga. Hilo ni jambo ambalo halijatokea.

"Nitaongeza herufi, baba. Nafasi ipo. Tukifika mechi ya kumi naweza kuzifanya mara mbili ya hizi. Na zikizidi ukuta wetu, tutaazima wa kinyozi."

"Ukuta wangu hauandikwi Nungunungu," kinyozi alisema upesi. Alirudi kwa mteja wake, akakata mara mbili, akachungulia tena nje. "Kwanza utataka upande gani?"